Makofi kwa Binti wa Kubaki

Siku ile niliitwa ukumbini kutafsiri, si kufikiri, na mwezeshaji alinikumbusha hilo kabla hata chai ya saa nne haijaletwa. Warsha ilikuwa Karatu, katika hoteli iliyo kando ya lami inayopanda kwenda Ngorongoro. Nje, magari ya watalii yalikuwa yakisimama kuchukua lanchi boksi. Ndani, tulikaa kwenye viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe kama maharusi, tukijadili namna ya kuuingiza mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, ule unaoitwa Itifaki ya Maputo, katika sheria za nchi na maisha ya watu.

Nchi yetu iliuridhia mkataba huo nikiwa shule ya msingi. Nilipokuwa chuo kikuu ulikuwa bado unajadiliwa. Nimemaliza chuo, nimetuma maombi ya kazi mpaka nikachoka, nimerudi Karatu kwa mama, na mkataba bado unajadiliwa. Tofauti pekee ni kwamba sasa kipaza sauti nimeshika mimi.

Niliitwa kwa sababu ya wazazi wangu. Baba alitoka Mbulu kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya kahawa. Mama ni Mmasai wa Endulen. Kwa hiyo nyumbani tulikua na lugha tatu, ya baba, ya mama na Kiswahili, na hakuna hata moja iliyowahi kunipa ajira inayozidi siku mbili.

Washiriki walikuwa wa aina tatu. Mbele walikaa wazee wa mila, fimbo zao zimelazwa chini ya viti. Pembeni maofisa na kompyuta zao. Nyuma, karibu na mlango wa jikoni, wanawake kutoka Endulen na Kakesio. Mwezeshaji alikuwa ametumia nusu saa kueleza kwamba wanawake ndio kiini cha mkutano, na hakuna aliyeona ajabu kwamba kiini kimekaa karibu na masufuria.

Kati ya wale wanawake alikuwamo mama mdogo, mdogo wake mama yangu wa tumbo moja. Mume wake alikuwa amefariki kiangazi kilichopita. Aliacha ng'ombe, mbuzi, na mabinti watatu. Wawili walikwisha kuolewa. Wa mwisho alikuwa kidato cha tatu, bweni, huku huku Karatu, na wiki zile alikuwa likizo kwa mama yake. Mtoto wa kiume hakuwapo.

Ikafika zamu ya ibara ya wajane. Nikatafsiri: mjane ana haki ya kupata fungu lake la haki katika mali ya mumewe, na ana haki ya kuendelea kuishi katika nyumba ya ndoa. Nilitafsiri polepole maana nilitaka wasikie. Mama mdogo akanyoosha mkono.

"Aliyeandika hayo," akasema, "shemeji yangu anamjua?"

Wanawake wakacheka mpaka vikombe vikagongana. Nikalitafsiri swali kama lilivyo. Mwezeshaji akatabasamu, akageukia bango, akaandika: *uelewa mdogo wa jamii*. Nikatazama yale maandishi ya wino wa kijani nikajiuliza ni nani hasa mwenye uelewa mdogo hapa. Swali la mama mdogo lilikuwa ndilo swali lenyewe. Mkataba unaishi wapi kama mtu anayetakiwa kuutii hajawahi kukutana nao wala na yeyote atakayemlazimisha?

Ndipo akasimama mzee mmoja kutoka upande wa Kakesio, mtu anayeheshimiwa, sauti ya upole.

"Sisi mjane hatumfukuzi," alisema. "Hayo ya kufukuza wajane tunayasikia kwa watu wengine. Kwetu mjane asiye na mtoto wa kiume anabaki na ng'ombe wa nyumba yake. Tunamwachia binti mmoja. Binti huyo haolewi. Anabaki kwa mama yake, anazaa hapo hapo, na mtoto wa kiume akizaliwa anahesabiwa wa marehemu, ndiye mrithi. Ng'ombe hawatoki. Haya mnayotuletea leo, sisi tulikuwa nayo kabla ya lami."

Nikatafsiri, neno kwa neno. Na ukumbi ukapiga makofi.

Nataka nieleweke. Mzee hakusema uongo, na hilo ndilo lililonichoma. Mila hiyo ipo kweli, na kweli imewaokoa wajane wengi wasibaki mikono mitupu. Wale maofisa walisikia sentensi moja tu, "mjane anabaki na ng'ombe", wakapiga makofi kwa sababu sentensi hiyo ilifanana na ibara yao. Mwezeshaji akafungua ukurasa mpya wa bango, akaandika kwa herufi kubwa: *MILA NZURI YA KUIGWA*. Chini yake akaweka alama ya vema.

Nilikuwa bado nimeshika kipaza sauti. Nikauliza, kwa Kiswahili, "Huyo binti anaulizwa?"

"Mkalimani," mwezeshaji akasema, bado anatabasamu, "tusiingize maoni, tafadhali."

Mzee alikuwa anajua Kiswahili vizuri kuliko alivyotaka ionekane. Akanigeukia, akaniita msichana kwa Kimasai. "Ndito, wewe umesoma mpaka ukasahau kuolewa. Kaa, utafsiri."

Wakacheka, maofisa nao wakacheka, wakifurahi kwamba mzee amechangamka. Nikatafuta uso wa mama mdogo kule nyuma. Yeye hakucheka. Alikuwa anamtazama mzee kama mtu anayesikia hukumu ya kesi yake ikisomwa, na hukumu si mbaya sana. Hapo ndipo nilipoelewa. Mzee hakuwa anatoa mfano. Alikuwa anaeleza jambo ambalo wamekwisha kulipanga.

Nilimkuta mama mdogo kwenye foleni ya chakula, sahani imejaa nyama, hajagusa kachumbari.

"Mama mdogo, ni kweli?"

"Nini?"

"Kwamba mdogo wangu, huyu binti yako wa mwisho, harudi shule."

Akachagua kijiko. "Shule ilikuwa ya baba yake. Baba yake hayupo."

"Na wewe umekubali?"

"Shemeji yangu alikuja baada ya matanga," akasema. "Alisema ng'ombe hawawezi kukaa kwenye nyumba isiyo na mwanamume. Wazee wakasema basi, mwachieni binti. Nikakubali. Ulitaka nikatae nile nini? Kule hifadhini tumekatazwa kulima, unajua. Mahindi yanatoka kwenu huku. Bila ng'ombe nitanunua mahindi kwa nywele zangu?"

"Lakini umesikia ibara. Wewe mwenyewe una haki. Bila binti. Bila mjukuu."

"Nimesikia," akasema. "Umetafsiri vizuri sana, mwanangu." Akaenda kukaa na wenzake.

Mchana kulikuwa na mwanasheria, kijana mwenye tai kutoka Arusha, mpole tu. Nikamfuata kabla hajaanza mada yake. Nikamuuliza mjane akienda mahakama ya mwanzo na ibara ile, atapata nini.

"Mkataba tumeuridhia," akasema. "Ila hakimu hahukumu kwa mkataba, dada. Mpaka Bunge liutungie sheria."

"Na hadi litunge?"

"Zinatumika zilizopo."

"Zilizopo ndizo za mila."

"Mchakato unaendelea," akasema, na nikaona anaona aibu kidogo.

Nimelichukia neno *mchakato* tangu siku ile. Kuna maandishi ya sheria za mila ya mwanzoni kabisa mwa uhuru, na bado yana nguvu. Yanasema mjane hana fungu katika urithi kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Nilipoyasoma chuoni nilidhani nasoma historia. Mkataba mpya unasema kinyume chake, umepigwa muhuri, umepigiwa picha, na hauwezi kumtoa ndama mmoja zizini. Yale ya zamani, yaliyochapwa kwa mashine ya taipu na watu ambao wengi wao wamekwisha kufa, yangali yanatembea kwa miguu yao.

Na ile sheria kali tunayojivunia, inayomfunga anayeoa au kumpa mimba mwanafunzi? Nikamuuliza mwanasheria na hiyo. Akafikiri.

"Hapa nani anaoa?" akasema mwishowe. "Hakuna mahari, hakuna bwana harusi, na mimba bado. Binti amebaki kwao. Ukienda polisi leo, utamtaja nani?"

Sheria imejengwa mlangoni kumngoja mume, na mila hii haipiti mlangoni.

Warsha ilipokwisha nilipanda Endulen pamoja na mama mdogo. Mama yangu alituwekea gunia la mahindi, tukapata lifti ya lori linalopeleka unga. Kwenye geti la Ngorongoro mlinzi aliniuliza naenda kutembelea hifadhi au naenda nyumbani. Nikamwambia nyumbani. Akanitazama suruali, kisha akamtazama mama mdogo na shuka lake, akatuacha tupite. Kule juu ukungu ulikuwa umefunika kreta yote. Tuliwapita wageni wamesimama ukingoni na kamera zao, wanasubiri uondoke.

Mdogo wangu alikuwa anakamua tulipofika. Aliacha kibuyu akanikimbilia. Ni msichana mwenye maneno mengi, mrefu kuliko mimi, anayecheka kwanza ndipo anaanza kueleza kinachochekesha.

"Dada, umekuja kunitoa au umekuja kunizika?"

"Nani amekuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Tranka langu limewekewa maharage."

Kweli, lile tranka la bati la shule lilikuwa kwenye kona, limejaa maharage, limefunikwa na ngozi. Mama yake alijifanya hakusikia.

Siku zilizofuata nilibishana na kila mtu aliyekubali kubishana. Mwenyekiti wa kitongoji aliniambia ni suala la kifamilia. Mwalimu mmoja wa pale Endulen aliniambia shule zikifunguliwa na binti asipofika ataandikwa mtoro, kisha baada ya muda ataandikwa ameacha. Nikamuuliza ni lini mtu atakwenda kumtafuta. Akasema hiyo ni hatua nyingine. Kila mlango niliogonga ulikuwa na mtu mwema ndani yake, na kila mtu mwema alinionyesha mlango wa pili.

Shemeji mtu alikuja jioni moja kabla shule hazijafunguliwa. Nilikuwa nimemjenga kichwani kama jambazi. Alikuwa mtu mwembamba mwenye kikohozi, na aliniuliza habari za mama yangu kabla ya kuketi. Alikuja na yule mzee wa warsha. Wakaketi nje, mama mdogo akawaletea chai ya maziwa.

"Tumekuja kusikia," mzee akasema. "Binti yupo?"

"Yupo," akasema mama mdogo.

"Amekubali?"

Mama mdogo akajibu, "Atakubali."

Sikuweza kunyamaza. Niliwaambia ibara ile yote, kwa Kimasai, bila kipaza sauti, nimesimama kati yao na moto. Niliwaambia mjane ana fungu kwa jina lake mwenyewe, kwamba nchi imeahidi mbele ya Afrika nzima. Shemeji mtu alisikiliza mpaka mwisho. Hata hakunikatiza.

"Mtoto wa shemeji," akasema, "mimi sikatai. Hiyo karatasi ilete. Ilete na askari aliyetumwa nayo. Akija, nitamkaribisha chai kama hii, na ng'ombe nitawaacha. Lakini ukija nayo wewe peke yako, wewe ni mgeni tu mwenye sauti kubwa."

Jibu lake nimelitafuta kwenye vitabu vyote vya chuo.

Ndipo mdogo wangu akatoka ndani. Hakuwa ameitwa. Akamwamkia mzee kwa kuinamisha kichwa, mzee akakigusa kama inavyopasa. Kisha akamgeukia mama yake, wala hakumtazama mtu mwingine.

"Yeyo," akasema, "nikizaa msichana?"

Mama yake akamwongezea mzee chai. Kuni zikapasuka.

"Nikizaa msichana, itakuwaje?"

Mzee akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeona mtoto kauliza jambo jepesi. "Utazaa tena," akasema.

"Na wa pili akiwa msichana?"

"Tena."

"Kama yeyo," akasema mdogo wangu.

Nilimwona mama mdogo akiweka chini birika. Amezaa mara tatu, na kila mara walimwambia *tena*. Mama yangu alishanisimulia, yeye mwenyewe hajawahi: kwamba baada ya binti wa tatu mama mkwe wake alikwenda kumwona mtoto, akafunua nguo, akafunika, akaondoka bila kunywa chai. Kwamba mume alianza kuzungumzia mke wa pili kila mvua ikinyesha. Sasa neno lile lile lilikuwa limesemwa tena mbele ya moto wake, kwa upole ule ule, kwa mwanawe.

Mama mdogo alikusanya vikombe vyao, hata kilichokuwa bado na chai. Kisha akamwambia shemeji yake, bila kuinua sauti, "Chukua ng'ombe."

"Unasema nini?"

"Chukua. Huyu anarudi shule."

Mzee alimkumbusha kwamba hasira ni mgeni, inalala siku moja. Shemeji mtu naye hakufurahi; alionekana kama mtu aliyekuja kuazima akapewa. Lakini hakukataa. Hilo naomba likumbukwe na wale waliopiga makofi. Hakukataa, na hakukuwa na kitu chochote katika nchi hii cha kumfanya akatae.

Walikuja asubuhi, yeye na vijana wawili. Mama mdogo alikuwa amekwisha kukamua. Kulikuwa na ng'ombe ambao baba yake mzazi, babu yangu, alimpa alipoolewa, na uzao wao. Alisimama mbele yao.

"Hawa ni wa baba yangu."

Shemeji akamshika mmoja nundu, akamgeuza ubavu. "Chapa ni ya nani?"

Ilikuwa ya marehemu. Wote walipigwa chapa ya marehemu, maana mwanamke hana chapa yake. Anamjua kila ng'ombe kwa mama yake na bibi yake, anajua yupi anarusha teke upande wa kushoto, lakini ngozini jina lake halipo. Nikawaza ile ibara ya Maputo, maneno yake mazuri, na nikawaza chuma cha moto, na nikajua kipi kati ya hivyo viwili ndicho sheria.

"Niachie huyu mwenye ndama," mama mdogo akasema.

Alimwachia huyo. Alisema ni kwa heshima ya kaka yake. Wengine wakaswagwa kuelekea Kakesio, na vumbi lilikaa hewani hata baada ya kengele zao kutosikika. Mama mdogo alikwenda ndani, akamwaga maharage kutoka kwenye tranka, akalipangusa kwa upande wa shuka.

Nilimpigia simu yule mwanasheria nikiwa nimepanda kilimani kutafuta mtandao. Nilimweleza yote. Alisikitika kweli, nilimsikia. Kisha akasema kisa hiki kingefaa sana kwa warsha ijayo, kama ushuhuda, kama mama angekubali kuja kuzungumza. Nilimwambia neno ambalo siwezi kuliandika hapa, nikakata. Simuombi radhi.

Mama mdogo sasa anaishi kwetu, chumba cha nyuma. Yule ng'ombe mmoja na ndama wake aliwaacha kwa rafiki yake Endulen, maana Karatu hatuna pa kumlisha. Msimu wa kahawa anachuma pamoja na wanawake waliotoka Singida na Dodoma, anazungumza nao Kiswahili chake cha kuokoteza, wanamtania kwamba anashika tawi kama anashika chuchu ya ng'ombe. Anawajibu kwa matusi ya Kimasai ambayo mimi tu nayaelewa. Mikono imepasuka. Hajazoea kuinama.

Mdogo wangu yuko kidato cha nne. Hesabu zinamshinda, na ameanza kuwa na kiburi cha wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Jumapili ya kutembelea wanafunzi tunakwenda wote. Mama yake anakaa kwenye majani ya uwanja wa shule, anamtazama akila, hasemi sana. Mara ya mwisho binti alilalamikia chakula cha shule, na mimi nilitaka kumpiga kofi kwa sababu nilijua chakula hicho kimegharimu nini. Mama yake akanishika mkono. "Mwache alalamike," akasema. "Ndicho nilichonunua."

Juzi nimeitwa tena. Kuna mkutano mwingine, na wanahitaji Kimasai. Nilimweleza mama mdogo wakati anaosha miguu nje ya jiko. Nilitegemea angekasirika kama mimi. Aliendelea kusugua matope ya shambani kwenye visigino.

"Nenda," akasema. "Kazi ni kazi. Lakini wakikuuliza habari zangu, usiwatafsirie kwamba nilishinda. Waambie mwanangu yuko shule na ng'ombe wangu wako Kakesio. Waambie nawataka wote."